Elgon Cup: Mchongoano wa Kenya na Uganda Kwa Uwanja wa Raga

Kama ushawahi kuwa Ngong Road siku Uganda wamekam kucheza raga, unajua vile huendanga. Mashabiki wa UG wanashuka kwa basi macho ikiwa mekundu, wamekesha barabarani kutoka Kampala, lakini ngoma tayari inapigwa. Msee wa Nairobi anawauliza kama wamebeba matoke yao ama wamekuja kuomba ugali. Jamaa wa UG anamwangalia kwa huruma, halafu anamwambia matoke humea yenyewe nyuma ya nyumba, ni unga ya Kenya ndio hufanya watu waandamane. Watu wanaangua kicheko. Refa hajapuliza hata kipenga na tayari wasee wamechapana mara tano, kwa mdomo.

Rudi hapo jioni mechi ikiisha. Hao wawili utawapata meza moja, wanabishania penalti ya dakika ya sabini. Mmoja amevaa jezi ya mwenzake. Mwingine anapangwa atalala wapi usiku huo.

Mgeni akiona hii maneno anaweza dhani Kenya na Uganda wako na beef kali. Hapana. Hii kitu kila mtoto wa mtaa anaijua: ni mchongoano. Unamchongoa mtu juu unamjua, na yeye anakujua, na nyinyi wawili mnajua hakuna mtu atatoa kisu. Stranger humchongoi. Jaribu kumwambia mtu hujui vile mamake ni mnono, uone kama utarudi nyumbani na meno yote.

Lakini mchongoano uko na sheria, na sheria ikivunjwa mambo huharibika haraka. Ndio maana leo tunaongea kuhusu Elgon Cup: ni nini, ilitoka wapi, mbona inatuuma hivi, na ni wapi mstari umechorwa.

Elgon Cup ni nini hasa

Elgon Cup ni kombe la raga ya wachezaji 15 kila upande, kati ya Simbas wa Kenya na Rugby Cranes wa Uganda. Ilianza 2004. Huchezwa nyumbani na ugenini: mkondo mmoja Kenya, mkondo mwingine Uganda. Ukishinda zote mbili, kombe ni yako bila kelele. Mkigawana, zinajumlishwa pointi za mechi zote mbili, na mwenye jumla kubwa anabeba.

Kwa wale wageni wa raga, hapa ndio utamu uko. Trai ni pointi 5. Ukipiga konvasheni baada ya trai unaongeza 2. Penalti ni 3. Sasa fikiria umechapwa Kampala na pointi 9. Ukija Nairobi, kushinda tu haitoshi, lazima ushinde na zaidi ya 9. Kwa hivyo unaweza pata timu inaongoza dakika ya 78 na bado inakimbia kama imechelewa mat ya mwisho, ju inatafuta trai moja ya kufunika hesabu. Mashabiki nao wako na kalkuleta kwa simu. Hakuna dakika ya kuenda choo.

Mabinti pia wako na yao. Kenya Lionesses na Lady Cranes wa Uganda wamekuwa wakipigania Elgon Cup ya wanawake, na usidhani hiyo ni ya upole. Taklo za pale zinasikika hadi kwa maegesho.

Jina limetoka kwa Mlima Elgon, ule umekaa katikati ya nchi mbili, mguu mmoja huku mwingine kule. Na kabla hujaanza kujigamba, jua kilele cha juu kabisa, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Hiyo ni pointi yao. Wape tu.

Border yenyewe ilihamishwa

Sasa skiza hii, ju wengi hawaijui. Zamani za mkoloni, Uganda haikuishia Busia. Ilifika hadi maeneo ya Naivasha. Ni 1902 Waingereza walichukua ile mkoa ya mashariki ya Uganda wakaipeleka upande huu wenye baadaye ukaitwa Kenya. Yaani reli ikifika Kisumu mwishoni mwa 1901, Kisumu ilikuwa bado inahesabiwa Uganda. Hapo ndio unaelewa mbona reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilikuwa inaitwa Uganda Railway. Haikuwa jina la mapambo. Ilikuwa inaenda Uganda kweli.

Fikiria hiyo siku ya mechi. Mashabiki wa Kisumu wenye wanapigia Simbas makofi, babu zao wangeulizwa kwao ni wapi mwaka wa 1901, karatasi ya mkoloni ingesema Uganda. Ukichora mstari upya kwa ramani, nusu ya wale wasee wenye hukatika makalio kwa Simbas wangekuwa wanaimba wimbo mwingine.

Idi Amin alijaribu kutumia hii historia vibaya. Februari 1976 alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi na kati ya Kenya ni ya Uganda. Wakenya walitoka kwa barabara kwa hasira, na baadaye Amin akarudi nyuma. Hio haikuwa mchongoano. Tutairudia hiyo maneno hapo mbele.

Raga nayo ilikuja kabla hata hizi nchi hazijapata uhuru, na ilikuja kama kitu ya Afrika Mashariki yote. Ule uwanja wa Ngong Road unaitwa RFUEA, na hizo herufi ni Rugby Football Union of East Africa. Soma tena: East Africa, sio Kenya. Timu ya British Lions ikipitia Nairobi 1955 na tena 1962, wenye walipangwa wacheze nao walikuwa timu ya Afrika Mashariki. Raga ya siku hizo ilikuwa ya wazungu wa koloni, hatuwezi jifanya ilikuwa yetu. Lakini walipoenda, sisi watoto wa hapa tulibaki na uwanja wenye jina la ukoo wote umeandikwa kwa geti.

Mlima hauna paspoti

Mstari wa 1902 ulipitia katikati ya familia. Hio ndio sababu kubwa ya hii beef kuwa tamu.

Chukua Wabukusu wa Bungoma na Bagisu wa Mbale. Wazee wao husema ni watu wa ukoo mmoja, na lugha zao zinasikizana. Wote hutahiri vijana wao kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kukianza Agosti, na kijana anatembea kwa jamaa akipiga njuga hadi siku yake ifike. Akiwa na mjomba upande wa pili wa border, anamtembelea tu. Wasabaot wa Mlima Elgon na Wasebei wa Kapchorwa ni watu wa jamii moja. Wateso wako Malaba na Amagoro, na wako Soroti. Wasamia wako Busia hii na Busia ile.

Ndio maana majina hukuchanganya. Olimpiki ya London 2012, siku ya mwisho, Wakenya tulikuwa tumeshajipigia dhahabu ya marathon. Abel Kirui na Wilson Kipsang walikuwa mbele. Halafu akatokea msee anaitwa Kiprotich akawaacha. Wengi tulishangilia sekunde kadhaa kabla ya kuangalia bendera kwa jezi. Stephen Kiprotich ni wa Kapchorwa, Uganda, na mazoezi alikuwa akifanyia huku kwetu Rift Valley. Tulimchemshia chai, tukampatia barabara za kukimbia, akaenda akachukua dhahabu. Sisi tulibaki na fedha na shaba. Hadi leo ukibishana na mtu wa UG kuhusu riadha, hiyo ndio kadi yake ya kwanza kuweka mezani.

Na boda boda? Hiyo pia tulizaa pamoja. Ilianzia Busia, na wasee wenye walikuwa wanabeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka ofisi ya mpaka ya nchi moja hadi ya nchi nyingine. Walikuwa wanaitana wateja kwa sauti, border, border, hadi jina likashika. Leo pikipiki zinaitwa hivyo Nairobi, Kampala, hadi mbali zaidi. Neno lenye kila mtu anatumia kila siku lilizaliwa hapo katikati, kwa ile nafasi yenye si ya Kenya wala ya Uganda.

Nani alikula ya nani

Ingia kwa muziki. Kama ulikuwa unakula raha miaka ya mwanzo ya 2000, Jose Chameleone alikuwa anachezwa kwa kila mat ya Nairobi, na wengi walidhani ni msee wa Eastlands. Si uongo sana: ngoma zake za kwanza kubwa alizitoa akiwa hapa na Ogopa DJs. Bebe Cool naye aliungana na Nazizi na Wyre wakawa East African Bashment Crew. Hapo hakuna mtu aliuliza paspoti.

Ingia kwa chakula. Rolex, ile chapati imekunjwa na mayai ndani, ni ya Uganda. Haina kitu na saa. Jina limetoka kwa mayai ya kukunjwa yenye kusemwa haraka haraka. Leo inauzwa kwa kona za Nairobi kando ya smokie, na kuna Wakenya wenye wataapa mbele ya chifu kwamba ni ya kwao. Wacha wivu, buda. Hiyo ilivuka border na basi ya usiku.

Hata ule ugali tunajivunia, ukiuliza mahindi mengine yalitoka wapi, utaelekezwa magharibi. Machi 2021 Kenya ilifungia mahindi ya Uganda na Tanzania ikisema yako na sumukuvu, kelele ikawa mingi, na baada ya siku chache marufuku ikalegezwa na masharti. Kwa hivyo yule jamaa wa UG mwenye alikuambia kuhusu unga pale mwanzo alikuwa anajua vizuri anachosema.

Ingia kwa shule. Ngũgĩ wa Thiong'o alisomea Makerere, na tamthilia yake ya kwanza kubwa, The Black Hermit, ilionyeshwa Kampala 1962. Mwai Kibaki alisoma hapo na akafundisha hapo. Hadi sasa wanafunzi wengi wa Kenya huvuka kuenda kusoma kule, na wakirudi wanarudi wakisema "banange" kila wakishtuka.

Mbona tunahitajiana

Sasa tuongee raga ya ukweli.

Mambo ya kujiringa kwanza. Kenya imebeba kombe la Afrika la raga ya 15 mwaka wa 2011 na 2013. Uganda ilibeba 2007, ikichapa Madagascar kwao Antananarivo. Kwa ile ya wachezaji saba, Shujaa wetu walichapa Fiji 30-7 kwa fainali ya Singapore Aprili 2016, wakiwa na kocha Benjamin Ayimba, na hiyo hakuna mtu atatunyang'anya. Lakini majirani nao wakabeba kombe la Afrika la wachezaji saba 2022 wakiwa kwao Kampala. Kwa hivyo mtu akikuambia Uganda ni timu ya kufanyia mazoezi, huyo hajaangalia raga hivi karibuni.

Sasa mambo ya kuuma. Kwa raga ya 15 ya wanaume, Kenya haijawahi kuingia Kombe la Dunia. Uganda pia hapana. Si mara moja. Na mara nyingi, mwenye anasimama kwa mlango wa mmoja ni mwenzake.

Angalia Julai 2025. Kombe la Afrika lilichezewa Kampala, timu nane, na mshindi alikuwa anapata tiketi ya moja kwa moja ya Kombe la Dunia la Australia 2027. Robo fainali ikapanga nani na nani? Kenya na Uganda. Watu wa ukoo mmoja, mlango mmoja, mmoja lazima abaki nje. Kenya ilishinda, majirani wakalia kwao nyumbani mbele ya mashabiki wao. Sisi tukaingia nusu fainali, Zimbabwe wakatutoa. Zimbabwe hao hao wakaenda wakachapa Namibia 30-28 kwa fainali na kurudi Kombe la Dunia, mara yao ya mwisho ikiwa 1991.

Kwa hivyo mwisho wa siku, sisi na UG tulirudi kuangalia kwa TV, tofauti ikiwa ni siku chache tu.

Hapo ndio Elgon Cup inakuwa kitu kubwa kuliko kombe. Fanya hesabu. Timu ya raga ya 15 siku ya mechi ni wachezaji 23, ongeza makocha, daktari, watu wa kushona misuli. Kuwapeleka Namibia ama Algeria ni tiketi za ndege, hoteli, chakula, na hizi vyama vyetu vya raga kila mtu anajua vile mfuko hukuwanga. Lakini Kampala? Ni kama kilomita 650 kutoka Nairobi. Ikibidi, wanaingia basi. Hiyo ni mechi ya kimataifa, na presha ya ukweli, na umati wenye unakutukana kwa lugha unaelewa, kwa bei ya kupeleka watu harusi.

Mchezaji kijana hawezi jifunza presha kwa mazoezi. Anaijifunza akiwa kwa skramu ya mita tano, dakika ya 79, Lugogo yote imesimama. Simbas wakikosa hiyo shule, wanafika kwa Zimbabwe wakiwa hawajachapwa makofi ya kutosha. Cranes vilevile. Kila mmoja ndiye jiwe la kunolea kisu cha mwenzake. Siku moja Elgon Cup ikiachwa kuchezwa kwa sababu ya pesa ama siasa za vyama, hakuna mwenye atashinda. Wote watakuwa butu.

Na wachezaji wenyewe wanajua. Klabu ya Kabras Sugar iko Kakamega, karibu na Malaba kuliko Nairobi, na imewahi kuchezesha mastaa wa Uganda kama Philip Wokorach na Asuman Mugerwa kwa ligi yetu. Hapo unapata msee anakupigia trai Jumamosi hii ukiwa fan wa klabu yake, halafu wakati wa Elgon Cup anakupigia trai ingine, hii ya kukuliza. Utamchukia aje? Unajua nyumba yake. Unajua anapenda omena ama hapendi.

Sheria za mchongoano

Tulisema mchongoano uko na sheria. Ziko nne za kukumbuka.

Ya kwanza: jua unayemchongoa. Sisi Wakenya tunapenda kuita kila mtu wa Uganda "Mganda". Pole, Waganda ni kabila moja tu, watu wa Buganda. Uganda iko na jamii zaidi ya hamsini. Ukimwita Muacholi Mganda ni kama mtu akuite Mkikuyu na wewe ni wa Lodwar. Waite wasee wa UG, ama uwaulize kwao ni wapi. Swali lenyewe linafungua stori.

Ya pili: mwenye anakasirika kwanza ndiye ameshindwa. Wao watacheka Kiswahili chetu cha Nairobi, na kusema ukweli wako sawa, ju Sheng yetu hata mwalimu wa Pwani angeilia. Sisi tutacheka Kiswahili chao. Lakini Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtoto wa Kampala akisoma hiyo vitu miaka kumi, kuna siku atakuja kuturekebisha ngeli hapa hapa Ngong Road. Jitayarishe.

Ya tatu: mchongoano ni wa watu, si wa bunduki. Oktoba 2022, Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Museveni na jenerali wa jeshi, alipost kwa Twitter kwamba yeye na jeshi lake hawangechukua hata wiki mbili kuteka Nairobi. Wakenya mtandaoni tulifanya kile tunachojua. Wengine wakamuuliza atapitia wapi na jam ya Waiyaki Way, wengine wakamwonya kuhusu landlord na deposit. Tulicheka hadi usiku. Lakini Museveni mwenyewe ilibidi aombe Wakenya msamaha, ju mtu mwenye jeshi akisema hivyo, hiyo si mchongoano tena. Mashabiki hawana vifaru. Hiyo ndiyo tofauti kati ya yule jamaa wa matoke na Idi Amin wa 1976.

Hata ile stori ya Migingo iko hapo. Kile kisiwa cha Ziwa Victoria chenye kimeleta kelele tangu 2008 na 2009 hakifikishi hata nusu ya uwanja wa raga. Utani wake ni mwingi na mtamu. Lakini mvuvi mwenye amekamatwa akitafuta sangara hacheki. Kabla uchongoe, angalia kama kuna mtu analia.

Ya nne, na hii ndio nzito: kuna vitu hazichongolewi kabisa. Tarehe 11 Julai 2010, watu walikuwa wamejaa klabu ya raga ya Kyadondo pale Kampala, wanaangalia fainali ya Kombe la Dunia la soka kwa skrini kubwa. Mabomu yakalipuka hapo na kwa mkahawa mmoja Kabalagala. Zaidi ya watu 70 walikufa. Al-Shabaab walisema ni wao. Miaka mitatu baadaye ilikuwa zamu ya Westgate. Kyadondo ilirudi kucheza raga, na mashabiki wa Kenya huenda kukaa kwa zile nyasi na kupiga kelele. Ukiwa hapo, piga kelele yote unayotaka. Lakini jua umekaa mahali pa watu. Kurudi kwa uwanja na kuimba ni njia moja ya kukataa.

Na kwa kuwa tunaongea ukweli: wakubwa wetu hawafuati hizi sheria. Novemba 2024 Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani wa Uganda, alichukuliwa akiwa Nairobi, akaja kuonekana kwa mahakama ya kijeshi Kampala. Oktoba 2025 Wakenya wawili, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, walichukuliwa wakiwa Uganda na wakakaa zaidi ya mwezi kabla ya kuachiliwa. Yaani border yenye shabiki anapangia foleni ikiwa ID yake iko fiti, wengine huvushwa ama kufichwa usiku bila foleni.

Na angalia ni nani alipiga kelele. Vijana wa pande zote mbili. Hao hao wenye huchongoana kuhusu rolex na ugali ndio walijaa kwa comments wakiuliza, ndugu yetu ako wapi? Usiku huo hakuna mtu alisema huyo si wetu. Ukiwa umezoea kumchongoa mtu kila wiki, siku amepotea unasikia kimya. Unaanza kumtafuta.

Ukipanga kuenda

Kama hujawahi kuvuka kuenda kuangalia mechi Kampala, hii ni sauti ya kukusukuma. Tangu 2014, Mkenya anaingia Uganda na kitambulisho tu, hakuna haja ya paspoti. Basi za usiku hutoka katikati ya jiji la Nairobi jioni, asubuhi uko Kampala ukinunua rolex ya kwanza kabla hata hujapiga mswaki. Beba koti, Kericho na Timboroa hazina huruma saa nane usiku.

Ukibadilisha pesa utasikia raha ya ajabu. Shilingi moja ya Kenya huenda karibu shilingi 27 ama 28 za kwao, kwa hivyo na elfu 40 za Kenya wewe ni milionea. Usiringe sana. Milioni moja ya kule huisha na speed ile ile ya elfu 40 za huku, uliza mtu yeyote ameenda Kabalagala Ijumaa na kurudi Jumapili akiomba nauli.

Kaa upande wa wageni, lakini usikae kama mgeni. Jifunze kusema "webale" kabla ya kujifunza matusi. Wakiimba, sikiza kwanza, halafu mjibu. Wakikupiga na pointi ishirini, kubali, nunua raundi. Mkiwapiga nyinyi, pia nunua raundi, ju watu wenye wamelia nyumbani kwao wanastahili kitu baridi.

Na ule mlima uko pale pale, umekaa mguu huku mguu kule, haujawahi kuulizwa ni wa timu gani. Wasee wa UG, tuonane mkondo wa pili. Rolex ni juu yenu, matusi ni juu yetu. Na kilele tutawaachia, ju kombe ndio tunataka.